Nauli Si Ujira

Kila mjadala wa mirabaha, yaani malipo ya wimbo kila unapotumika, unapopamba moto Dar es Salaam, huwa natazama viti vya mbele. Wapo waimbaji wenye majina, wapo mameneja wao, yupo ofisa wa serikali na mwanasheria mmoja au wawili, na waandishi wamejipanga pembeni na kamera zao. Mpiga besi hayupo. Dada aliyeitikia wimbo mzima, ule unaopigwa kwenye kila daladala ya Mbagala, hayupo. Kijana aliyekesha akichanganya sauti mpaka ngoma ikakaa sawa naye hayupo. Usishangae kusikia kwamba saa hiyohiyo yuko studio anamalizia kazi ya mmoja wa waliokaa mbele. Mkutano unafungwa kwa azimio kwamba wasanii wapate haki yao, watu wanapiga picha ya pamoja, wanatawanyika.

Sina ugomvi na mirabaha. Ninachopinga ni imani kwamba mirabaha ikitengemaa, basi kila anayeshika kazi katika kurekodi muziki atatengemaa nayo. Wapiga vyombo wa kukodiwa, waitikiaji, watengeneza biti na mafundi wa sauti wanaolipwa kwa siku au kwa wimbo wana tatizo linalotangulia hakimiliki: kazi yao haina bei inayojulikana. Sheria ya hakimiliki haitawapa bei hiyo hata ikirekebishwa mara kumi. Bei huzaliwa pale watu wanapokubaliana kutoshuka chini ya kiasi fulani, na wakawa na namna ya kumbana anayekiuka.

Kwa asiyewahi kuingia studio, kazi inakwenda hivi. Mwimbaji anakuja na melodi aliyojirekodi kwenye simu. Prodyuza anajenga mdundo. Ikionekana gitaa la kompyuta halina ladha, anapigiwa simu mpiga gitaa: njoo mara moja Sinza, nusu saa tu. Nusu saa inageuka saa tano, kwa sababu mwimbaji mwenyewe bado hajajua anachokitaka, na meneja anafika usiku kusema pale katikati pabadilishwe. Kazi ikiisha, mpiga gitaa anapewa nauli. Siku ya heri nauli inazidi kidogo, ikaitwa ya soda. Waitikiaji wakiwa watatu hupewa mmoja wao akawagawie wenzake njiani. Anayechanganya sauti huahidiwa nusu ya pili ya fedha zake ngoma ikitoka, na ngoma ikishatoka simu haipokelewi. Mtengeneza biti mchanga hata hiyo nusu ya kwanza haioni. Anaambiwa jina lake litasikika.

Mwanangu, hii tuifanye kishikaji, ikibamba tutaangaliana. Wangapi wameisikia kauli hiyo wakainamisha kichwa na kuendelea kupiga? Hawakatai kwa sababu kazi ijayo itakuja kupitia simu ileile. Tena urafiki wenyewe mara nyingi ni wa kweli. Wamekulia mtaa mmoja, wamelala sakafu moja ya studio, mmoja amemkopesha mwenzake kodi ya chumba. Mwajiri wa aina hii ni mgumu kumdai kuliko kiwanda, maana ukimdai unaonekana umevunja udugu.

Hapo ndipo ninapoelewa kwa nini majina ya maprodyuza yanatamkwa sekunde za mwanzo za wimbo, tangu enzi za P-Funk Majani na Master J hadi huyu S2Kizzy wa leo. Wengine wanaona ni majigambo. Mimi naona ni ulinzi. Muziki ulipoacha kanda na sidii ukahamia kwenye simu, pale palipokuwa panaandikwa majina ya walioshiriki palikufa. Mtengeneza biti akalishona jina lake ndani ya sauti, mahali ambapo hakuna wa kulikata bila kuharibu wimbo. Ni ujanja wa kupendeza, lakini umemfaa yeye peke yake. Mpiga gitaa hawezi kujitaja katikati ya solo, na anayeitikia kazi yake ni kuyeyuka ndani ya sauti ya mwingine.

Sheria inamtambua mtumbuizaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inatofautisha haki ya aliyetunga na haki ya aliyetumbuiza, na kwa maandishi mpiga besi naye ni mtumbuizaji. Ila fedha hazitembei kwa kufuata maandishi ya sheria. Zinafuata orodha. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya serikali, ilipogawa mirabaha Januari 2022, zaidi ya shilingi milioni 300, ilikuwa hatua ya maana na niliifurahia. Lakini fedha ya namna hiyo huenda kwa kazi zilizosajiliwa, na fomu ya usajili huijaza mwenye wimbo. Atakumbuka kumwandika mtu aliyempa nauli mwaka juzi? Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbele zaidi upande mmoja. Mabadiliko ya sheria yao ya hakimiliki ya mwaka 2022 yaliweka kwamba mapato ya miito ya simu yasipungue asilimia 52 kwa mwenye kazi. Ushindi mkubwa dhidi ya kampuni za simu. Uliza sasa ni kiasi gani cha hiyo 52 kinamfikia aliyepiga kinanda. Sheria haikuulizwa swali hilo, kwa hiyo haikulijibu.

Marekani wanalo jibu, na namna lilivyopatikana ndiyo inayonivutia. Mapato ya redio za mtandaoni na za setilaiti yanayokusanywa na taasisi ya SoundExchange hugawanywa asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, na 5 kwa wapiga vyombo na waitikiaji wasiotajwa. Tano hiyo hukatwa katikati, nusu ya wapiga vyombo na nusu ya waimbaji, na hugawiwa na mfuko unaoendeshwa kwa pamoja na vyama viwili vya wafanyakazi, AFM ya wapiga vyombo na SAG-AFTRA ya waigizaji na waimbaji. Asilimia 5 ni kidogo, sawa. Lakini mfuko unajuaje nani alipiga tarumbeta kwenye wimbo wa miaka 40 iliyopita? Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu vyama hivyo vilikuwa vimeshawazoesha wenye studio kujaza ripoti ya kila sesheni, yaani kila kikao cha kurekodi, jina kwa jina, pamoja na kiasi alicholipwa kila mmoja. Karatasi ya ujira ilitangulia, na mirabaha ikaja kuikuta. Sisi tunataka kuanzia mwisho.

Tena hatuanzi bila historia. Tanzania ilikuwa na wapiga muziki wa mshahara, na mwajiri wao alikuwa chama cha wafanyakazi. Mwaka 1964, baada ya shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi kuvunjwa na kuundwa chama kimoja cha taifa, NUTA, chama hicho kikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz. NUTA ikawa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. JUWATA ikawa OTTU, bendi ikafuata. Leo ni Msondo Ngoma. Urafiki walikuwa na bendi ya kiwanda cha nguo, Polisi walikuwa na yao, JKT yao. Mpiga tumba alipokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Studio ilikuwa Radio Tanzania, na nyimbo zilizorekodiwa pale zinaendelea kupigwa mpaka leo vipindi vya zilipendwa.

Mfumo ule ulikuwa na mema yake, na vijana wanaoudharau hawajawahi kupiga muziki huku wakijua kodi ya nyumba imeshalipwa. Lakini ulikuwa na kasoro iliyotuachia mazoea mabaya. Mwanamuziki wa NUTA alikuwa mfanyakazi wa chama cha wafanyakazi. Angemshitaki nani kwa nani? Kugoma hakukuwa kwenye meza. Silaha pekee iliyobaki ilikuwa kuhama. Mwaka 1978 Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka waliondoka JUWATA wakaenda Mlimani Park, bendi mpya. Miaka saba baadaye Hugo Kisima akawachota wanamuziki wa Mlimani na kuwapeleka kwenye bendi yake, Orchestra Safari Sound. Mashabiki walizisimulia hama hama hizo kwa furaha kama za Simba na Yanga, na muziki mzuri ulizaliwa humo. Kama njia ya kudai maslahi, hata hivyo, kuhama kunamfaa mwenye jina. Bosi mpya anamtaka mwimbaji anayejaza ukumbi, anamtaka na mpiga solo. Wale wengine wanaachwa na bendi iliyopungua nguvu na mapato yaliyopungua zaidi.

Gurumo alipostaafu mwaka 2013, baada ya miongo mingi jukwaani, Diamond Platnumz alimpa gari. Wengi tuliguswa, na sitambeza kijana kwa kumheshimu mzee. Ila fikiria kilichohitajika ili mzee yule apate gari: ilibidi awe Gurumo. Na wenzake waliopiga nyuma yake miaka yote ile walisubiri zawadi ya nani?

Mazoea ya kuhama bado tunayo. Prodyuza anayeonewa kwenye lebo moja anasubiri lebo nyingine imwite. Anaondoka na kelele mtandaoni, mashabiki wanachagua upande, kiti chake kinakaliwa na kijana mwingine kwa masharti yaleyale. Sijaona hata mara moja aliyeondoka na anayeingia wakikaa kuulizana: wewe ulikuwa unalipwa ngapi?

Mfano wa mgomo mkubwa kuliko yote ya kurekodi upo, na hutajwa kila watu wanapozungumzia kuungana. Tarehe 1 Agosti 1942, James Petrillo, rais wa AFM, aliwaamuru wapiga vyombo wote wa chama chake Marekani kuacha kurekodi. Vita vya dunia vinaendelea, magazeti yanamtukana, serikali inambembeleza, yeye amekaa palepale. Hofu yake ilikuwa kwamba sahani za santuri na mashine za kupigia muziki kwenye baa zinawaua wapiga muziki wa jukwaani, yaani kwamba mwanamuziki anarekodi kifo chake mwenyewe. Kampuni ya rekodi ya Decca ilisalimu amri mwaka uliofuata. Columbia na RCA Victor walikaza hadi Novemba 1944. Makubaliano yalikuwa kampuni zilipe kiasi kidogo kwa kila sahani inayouzwa, kiingie kwenye mfuko wa kuwaajiri wapiga muziki katika maonyesho ya bure kwa umma.

Kwenye ushindi huo kuna mambo mawili ambayo wasimuliaji huyaruka. La kwanza, waimbaji hawakuwa wanachama wa AFM. Kampuni zikawaita, zikawarekodi wakiimba bila chombo hata kimoja, na waitikiaji wakitoa kwa midomo sauti ambazo zingetolewa na vinanda na tarumbeta. Yaani mlango mmoja uliachwa wazi na muziki ukaendelea kutoka kupitia hapo. La pili, chama chenyewe kilikuwa na matawi ya Wazungu na matawi ya Weusi katika miji mingi. Los Angeles matawi hayo yaliungana mwaka 1953 tu, tena kwa kusukumwa na wanamuziki wenyewe. Wakati wote huo waliodai kwa sauti moja hawakuwa wakipewa kazi kwa mlango mmoja.

Je, tunaweza kumwiga Petrillo? Nadhani hapana. Yeye alikuwa na maadui watatu wakubwa wenye majengo na mitambo. Ukizifunga kampuni tatu, umeifunga nchi. Dar es Salaam mlipaji ni nani? Mara nyingi ni mwimbaji wa Temeke aliyekopa kwa shemeji yake ili arekodi singo moja, naye ananyonywa na kila mtu anayekutana naye baada ya hapo. Kumgomea huyo ni kumgomea mwenzio aliye chini kuliko wewe. Waajiri wadogo elfu moja, kila mmoja na studio ya chumba kimoja, hawagomewi. Ukiacha kwenda kwa huyu, wa nyumba ya pili atafanya kwa nusu bei.

Na mastaa wachache wenye fedha? Hao ndio wenye lebo na studio, na ndio hao wanaotangulia kwenye vyama. Vyama vyetu vimepangwa kwa aina ya muziki. Wa dansi wana CHAMUDATA, wa injili wana chao, wa kizazi kipya wana chao, na juu yao kuna Shirikisho la Muziki Tanzania. Ndani ya mpangilio huo mwenye bendi na mpiga tumba wake ni wanachama wa chama kimoja, na mwenye lebo anakaa meza moja na kijana anayemtengenezea biti. Chama cha namna hiyo kinafaa kwenda kuonana na waziri, kupinga tozo, kuzika mwenzetu kwa heshima. Hakiwezi kupanga ujira wa sesheni, kwa sababu anayelipa ndiye mwenyekiti. Simlaumu mwenyekiti, nalaumu mpangilio.

Mpangilio unaofaa ni wa kazi. Mpiga kinanda mmoja huyohuyo asubuhi anarekodi injili, jioni anapiga taarabu, usiku anamalizia tangazo la kampuni ya kubashiri. Kwa vyama vya sasa ni mtu wa vyama vitatu au si wa chochote. Kwa chama cha wafanyakazi wa kurekodi, ni mwanachama mmoja mwenye bei moja.

Na pa kuanzia ni pale kwenye fedha, ambako si kwenye singo za chipukizi. Tangazo la benki, la kampuni ya simu au la bia linapitia kwa wakala wa matangazo. Wakala ana bajeti yenye mistari: kamera, taa, waigizaji, chakula cha siku ya kupiga picha. Muziki kwa kawaida ni mstari mmoja, fungu moja analopewa prodyuza. Yeye anawaita wapiga vyombo, na kila shilingi anayowapa inatoka kwenye faida yake. Mpe malaika fungu la namna hiyo, naye atalipa nauli. Fungu likigawanywa, wapiga vyombo wakawa na mstari wao kwa kichwa na kwa saa, prodyuza hana tena sababu ya kuwabana. Wakala haumii. Ameshazoea ankara, ameshazoea kukata kodi ya zuio, na kiasi kinachohitajika hakifiki bei ya chakula cha mchana cha wapiga picha wake. Kinachokosekana ni karatasi ya viwango ya kumwonyesha mteja na kumwambia kwamba mjini hapa ndiyo bei.

Kundi la pili ni nyimbo za mashirika: chanjo, malaria, uchaguzi, usafi wa mazingira. Bajeti zake zimeandikwa na hukaguliwa. La tatu ni kwaya. Watu wa Bongo Fleva huwacheka watu wa kwaya kwa sare na vinanda vyao, lakini kwaya inayotoka Kigoma au Mwanza kuja kurekodi ina harambee nyuma yake na ina mweka hazina, na mweka hazina wa kwaya ni mtu wa risiti. Ningekuwa mpiga gitaa mwenye madeni, ningeanzia huko.

Chipukizi wa Temeke awe na kiwango chake, cha chini, lakini kiandikwe. Bodaboda wa kijiwe chochote cha Dar hawana mwajiri mmoja wala mkataba, na bado ukiuliza kutoka Mwenge hadi Kawe, wote wanakutajia namba zinazokaribiana. Anayeshusha sana anajulikana, na mwenyekiti wa kijiwe ana la kumwambia. Mpiga besi mwenye miaka 20 ya uzoefu hana hata hicho.

Karatasi yenyewe isiwe ya kisheria mno. Tarehe, studio, jina la muda la wimbo, nani kapiga nini, aliingia saa ngapi na katoka saa ngapi, kiasi kilichokubaliwa, kilicholipwa, kilichobaki, sahihi mbili. Ipigwe picha, itumwe WhatsApp kwa wote waliokuwepo kabla hawajaondoka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kuwa ushahidi, na hata usipofika mahakamani kuna kitu mtu anachokumbushwa bila ugomvi. Siku mirabaha itakapokuwa na fungu la wasiotajwa, orodha itakuwa imeshajazwa.

Na nguvu ya kubana inatoka wapi? Inatoka kwenye kompyuta ya fundi wa sauti. Mpiga gitaa akishamaliza, hana anachokishikilia. Sauti yake imeshaingia. Fundi ana faili zote za wimbo na anaweza kusema hazitoki mpaka kila aliye kwenye karatasi amelipwa. Huo ndio mgomo pekee unaoweza kufanya kazi Dar es Salaam. Kupiga mtapiga, kurekodi mtarekodi, ila kazi haikabidhiwi. Unahitaji fundi na mpiga chombo wawe chama kimoja na waaminiane, jambo ambalo leo ni gumu kwa sababu mara nyingi fundi ndiye aliyebaki na chenji. Kuna wanaosema maprodyuza wasiingizwe kabisa kwa kuwa ni mabosi. Siwaafiki. Mwenye studio anayepokea fungu na kuajiri ni mwajiri, akae upande wake. Kijana anayetengeneza biti kwenye kompyuta ya lebo, ndani ya jengo la lebo, kwa saa anazopangiwa, huyo ni mfanyakazi hata kama anajiita mkurugenzi kwenye Instagram.

Sheria inakaribia kumwita hivyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004 kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa iwapo lolote kati ya mambo yaliyotajwa lipo: namna anavyofanya kazi au saa zake zinadhibitiwa na mwingine, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu, anamtegemea kiuchumi, anapewa vitendea kazi. Msome tena prodyuza wa ndani wa lebo kwa kipimo hicho. Angeweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na kudai kama mlinzi au mhudumu wa hoteli anavyodai. Mpiga tarumbeta anayezunguka studio nne kwa wiki hana bahati hiyo, na kwake njia nyingine ipo, ingawa ni ndefu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inampa waziri uwezo wa kutangaza kwamba kundi fulani la watu wahesabiwe kuwa waajiriwa. Waziri hatatangaza kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kugonga mlango wake wakiwa na jina la pamoja.

Kusajili chama cha wafanyakazi kunahitaji mkutano wa watu wasiopungua 20. Ishirini! Hao unawapata kwenye mazoezi ya bendi mbili. Kama kujitegemea kunaogopesha, CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hifadhi, hoteli na majumbani, wameshaonyesha kwamba wafanyakazi wa majumbani, watu wanaofanya kazi mmoja mmoja nyuma ya kuta za watu, bila kuonana, wanaweza kufikiwa na kusajiliwa. Studio ya chumba kimoja Tabata si ngumu kuifikia kuliko jiko la mtu Masaki.

Pingamizi ninaloliheshimu ni hili: mkipandisha bei, kazi itakimbia. Biti zinapakuliwa bure mtandaoni, gitaa la kompyuta linazidi kuwa zuri, na sasa kuna programu za akili mnemba kama Suno na Udio zinazotoa wimbo mzima, pamoja na waitikiaji, kwa kuandikiwa maneno machache. Hofu hiyo ina msingi. Tuliona mwaka 2022, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipopanga nauli na kukata kamisheni ya kampuni za teksi za mtandaoni hadi asilimia 15: Uber ilisimamisha huduma Tanzania, na ilirejea mwaka uliofuata baada ya kiwango kupandishwa. Bei iliyopangwa kutoka juu, bila madereva wenyewe kuwa na chombo cha kujadiliana, iliwaacha wengi wakiegesha magari.

Lakini tazama ni kazi gani hasa inayoweza kukimbia. Chipukizi asiye na fedha ameshakimbilia biti za bure, hakuwa mlipaji tangu mwanzo. Anayemwita mpiga gitaa wa kweli leo anamwita kwa sababu kompyuta imeshindwa kumpa anachotaka, na mtu wa namna hiyo ana nafasi ya kulipa. Kuhusu akili mnemba, mpiga chombo mmojammoja hana uwezo wa kukataa sauti yake isitumike kufundishia mashine, kwa kuwa hana hata karatasi inayoonyesha kwamba sauti ile ni yake. Mstari mmoja kwenye karatasi ya sesheni, kwamba malipo haya ni ya wimbo huu tu na hayahusu kunakili sauti au upigaji wangu kwa mashine, haugharimu kitu leo. Miaka mitano ijayo huenda ukawa ndio mstari wenye thamani kuliko kiasi chenyewe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya mashine ni sanduku la fedha. Vyama vya sanaa nchini vimekufa kwa sababu moja kuliko nyingine zote: ada hailipwi, viongozi wanaishi kwa wafadhili na semina, wanachama wanabaki wasikilizaji. Chama cha kawaida cha wafanyakazi hukatiwa ada kwenye mishahara na mwajiri. Kwa watu wa sesheni hakuna mshahara wa kukata, na kumtaka mpiga besi alete ada ya mwezi wakati mwezi mzima hajaitwa ni kumfukuza. Ada ikatwe kwenye kila sesheni iliyolipwa kwa kiwango, asilimia ndogo, kwa simu, siku hiyohiyo. Asiyepata kazi hadaiwi. Na kila mwisho wa mwezi wanachama watumiwe orodha ya sesheni zilizokatwa ada, zilizolipwa pungufu, na majina ya studio ambazo faili zake bado zimeshikiliwa.